Mbwa Akikata Mnyororo

Usiku wa kuamkia mwaka mpya tulikuwa kanisani kwenye kesha. Tuliporudi alfajiri tulikuta banda li wazi na kipande cha mnyororo kinaning'inia. Fataki za mtaani zilimtia hofu mbwa wetu wa ulinzi hata akakata mnyororo na kuruka ua. Yaliyofuata tunayaandika kwa aibu kidogo, maana tulifanya karibu kila kosa.

Tulitoka watu wanane, tukipiga kelele kuita jina lake, vijana wameshika fimbo. Mbwa aliyetoroka kwa hofu si yule unayemzoea. Anaweza asimtambue hata bwana wake. Akiona kundi linamjia mbio, hukimbia. Akibanwa pembeni, huuma. Sisi tulimbana kwenye ukuta wa choo cha jirani, naye akapenya katikati ya miguu yetu akatokomea migombani.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja jirani yetu. "Mwanangu," akasema, "mnamfundisha kukimbia. Rudisheni watoto ndani. Anayempa chakula kila siku ni nani?"

Alikuwa ni dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Basi jioni, mtaa ulipotulia, tukafungua lango na kutandika karibu yake gunia analolalia mbwa, apate harufu ya kwao. Dada akaketi chini uani, amempa ubavu, bila kumkazia macho, kwa kuwa mbwa akikaziwa macho huona anatishwa. Hakumwita. Alimtupia tu vipande vya utumbo uliochemshwa. Jioni ya kwanza mbwa alikula kwa mbali, akaondoka. Jioni ya pili, saa ileile, akaingia mwenyewe, nasi tukafunga lango polepole. Hatukumrukia shingoni, mnyororo alivalishwa asubuhi, na aliyemvalisha ni dada.

Haya ni kwa mbwa wako mwenyewe. Ukiona mbwa anatoka udenda, anayumba, au anauma ovyo hata miti na mawe, usimkaribie wala usimtegee chakula. Ingiza watoto ndani, umwite afisa mifugo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotunyima usingizi. Jioni ile ya kwanza, tukimwogesha kijana wetu wa darasa la tano, tuliona alama mbili za meno nyuma ya mguu. Aliumwa asubuhi katika kufukuzana, akaficha kwa sababu alikatazwa kutoka. Tukaitafuta kadi ya mbwa: chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imepitwa na miezi minne. Sisi tunaowahimiza akina mama kliniki kila siku juu ya tarehe za chanjo!

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukitazama saa. Hata kama muda umepita, osha. Usipake pilipili, mafuta wala majani, na usikubali jeraha lifungwe kwa kukazwa. Kisha tukaenda hospitali usiku uleule. Vijidudu vya ugonjwa huu husafiri katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo chanjo huzuia, na ndiyo maana hatukungoja kuona mbwa atakuwaje. Wapo mama wanaoogopa sindano nyingi za tumboni za zamani; siku hizi huchomwa mkononi, au pajani kwa mtoto mdogo. Jeraha likitoa damu, kuna na dawa nyingine ya kinga inayochomwa penye jeraha lenyewe. Fuata tarehe zote ulizopewa.

Mtoto wako asipigwe kwa kuumwa na mbwa. Tulimwuliza wetu kwa nini alinyamaza, akajibu, "Niliogopa mama atanichapa." Maneno hayo yalituchoma kuliko meno ya mbwa. Na dada wa kazi naye aambiwe mapema kwamba hatakatwa mshahara kwa gharama ya sindano, maana yeye ndiye aliye karibu na mbwa kuliko sote.

Mbwa alifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Alikula, alibweka, alikuwa mzima, na daktari akatuambia kijana hana hatari tena. Baada ya hapo mbwa akachanjwa, na tarehe ya mwakani tumeiandika kwenye kalenda ya jikoni.

Kesha lijalo mbwa atafungiwa stoo kabla ya giza, na mmoja wetu atabaki nyumbani. Bado tunabishana ni nani.