Ndege Wasilipe Gharama ya Ziara Zetu

Safari ya masomo hutoa elimu ambayo kitabu peke yake hakiwezi kuitoa. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake pwani kuona mikoko, kaa na ndege anastahili sifa. Hata hivyo, tumezoea kupima mafanikio ya safari kwa jinsi tulivyoweza kuwakaribia ndege, na desturi hiyo yafaa iachwe. Ni maoni yangu kwamba ziara njema ni ile ambayo, tunapoondoka, ndege wanabaki wakila pale pale tulipowakuta. Hori ya Mida, karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, inatupa mfano mzuri wa kulieleza jambo hili.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu na kuzungukwa na mikoko. Imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968. Maji yapwapo huacha wazi uwanda mpana wa tope na mchanga, wenye kaa, konokono na minyoo tele. Uwanda huo ndio meza ya ndege. Maji yajaapo, meza hufunikwa, nao ndege hawana budi kusongamana katika vipande vichache vya mchanga au juu ya mikoko, wakingoja. Ratiba yao huamuliwa na bahari: maji yakipwa usiku, wengi wao hula usiku.

Wengi wa ndege hao ni wageni, ambao hufika kuanzia mwezi wa Agosti na kuondoka kufikia Aprili au Mei. Mmoja wao ni yule mla kaa mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Yeye huzaliana katika fukwe na visiwa vya Bara Arabu na nchi jirani, akichimba shimo mchangani na kutaga humo, kwa kawaida yai moja tu. Mwingine ni chamchanga mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, anayezaliana Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi.

Natutazame hesabu ya chamchanga huyo. Uzito wake wa kawaida ni gramu 60 hivi. Kabla ya kuondoka humlazimu kula mno ili ajiwekee akiba ya mafuta mwilini, maana mafuta hayo ndiyo nguvu ya safari ya zaidi ya kilometa 8,000. Kundi la wanafunzi likimkurupusha, hupata hasara mbili: huchoma mafuta katika kuruka, na hupoteza muda wa kula. Bahari haitamngoja afidie muda huo. Maji yatajaa kwa saa yake. Kurushwa mara moja si msiba. Msiba huja pale shule ya kwanza inapoondoka na ya pili ikafika, kisha watalii, kisha mbwa, siku baada ya siku, na kila kundi likidhani kwamba halikufanya dhara lolote. Tena ndege huyu hana ziada ya kupoteza: mwaka 2024 alipandishwa daraja la hatari katika orodha ya kimataifa ya IUCN, kwa kuwa idadi yake duniani imepungua.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, wageni wazuiwe kabisa. Sikubaliani nao. Mtoto asiyepata kuiona hori hatakuwa na sababu ya kuitetea atakapokuwa mtu mzima. Zaidi ya hayo, mpango uitwao ASSETS, ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya, umewasaidia watoto wa vijiji vinavyopakana na Mida na Msitu wa Arabuko-Sokoke kulipa karo ya sekondari. Sehemu ya fedha hizo imetokana na viingilio vya wageni wanaopita katika njia ya mbao iliyojengwa kati ya mikoko. Kwa hiyo ndege wa Mida wamewasomesha watu. Mgeni mwenye adabu ni faida kwa pande zote mbili.

Adabu yenyewe si ngumu. Mwalimu atazame kwanza majedwali ya maji kabla ya kupanga saa ya basi. Wakati unaofaa ni maji yanapoanza kujaa, kwani ndege husogea wenyewe kuelekea ufukoni, na wanafunzi waliotulia mahali pamoja huwaona vizuri. Maji yakiwa yamejaa kabisa, pasikaribiwe mahali wanapopumzika. Darasa kubwa ligawanywe katika vikundi vidogo, kila kimoja kipite katika njia iliyopo, ili mizizi ya kupumulia ya mchu isikanyagwe. Ndege akiinua kichwa na kuacha kula, simameni. Akianza kutembea kuwakimbia, rudini nyuma. Picha ya simu haina thamani ya kumrusha ndege anayejiandaa kwa safari ya Siberia.

Mwisho, napendekeza zoezi moja. Mwanafunzi amchague ndege mmoja, kwa darubini ikiwapo, ahesabu ni mara ngapi anadonoa tope kwa dakika moja, darasa likiwa mbali. Ahesabu tena darasa likiwa limesogea. Zoezi lirudiwe kwa ndege kadhaa, na wastani utafutwe. Ikiwa hesabu ya pili imeshuka, darasa limekaribia mno na linapaswa kurudi nyuma. Hapo wanafunzi watakuwa wamejifunza kumpima ndege, na wamejifunza pia kujipima wenyewe.