Aliyelipa Asifungiwe Mpakani

Mfanyakazi anayelipa kila mwezi ili atazame filamu au mpira kwa njia ya intaneti amenunua haki hiyo kwa jasho lake. Lakini huko Ulaya, kabla ya 2018, dereva wa lori atokaye Poland akipeleka mizigo Hispania mara nyingi alikuta mlango umefungwa. Fedha yake imepokelewa. Alichokinunua kimebaki nyumbani. Aliambiwa kwamba leseni za hakimiliki huuzwa kwa nchi moja moja, kana kwamba yeye ndiye aliyezigawa!

Umoja wa Ulaya ulilikata shauri hilo kwa Kanuni 2017/1128, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2018. Mteja aliyelipa, akiwa kwa muda katika nchi nyingine ya Umoja, hupata huduma ile ile, wala hatozwi zaidi hata senti moja. Fundo lenyewe lilifunguliwa kwa werevu: mteja yuko Madrid, lakini kisheria huhesabiwa kuwa anatazama akiwa kwao Warsaw. Kwa hiyo leseni ya Poland yatosha, na kifungu chochote cha mkataba kinachosema kinyume hakina nguvu. Twaipongeza sheria hii.

Walakini haikutimia. Watoao huduma bila malipo wameachiwa hiari. Neno "kwa muda" halikuwekewa idadi ya siku. Naye ahamaye kabisa kufuata kazi hafaidiki, kwani huduma hufuata nchi ya makazi, inayothibitishwa kwa kitambulisho, ankara ya umeme au ushahidi mwingine wa namna hiyo. Wakazi wa Uingereza nao waliipoteza haki hiyo kipindi cha mpito kilipokwisha tarehe 31 Desemba 2020.

Jambo hili latugusa na sisi. Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi na kufanya kazi Ujerumani hulindwa waendapo Ufaransa, kwa kuwa sheria hutazama makazi, si uraia. Wakija Dar es Salaam kwa likizo, kanuni haiwafuati. Kampuni yaweza kuwafungia huku malipo yakiendelea kukatwa. Tukiuliza sababu, tutajibiwa kuwa ni leseni. Lakini leseni ndizo zilizotajwa kule pia, na mlango ukafunguliwa. Je, kampuni iliyoweza kumhudumia mteja wake akiwa Madrid itapungukiwa nini ikimhudumia majuma manne akiwa kwa wazazi wake Temeke?