Tuachieni Ukingo wa Barabara: Risala ya Waendesha Baiskeli wa Migori na Homa Bay

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Migori na Homa Bay, Waheshimiwa Maspika na wajumbe wa mabunge ya kaunti hizo, na wakuu wa mamlaka za barabara na usalama wa uchukuzi: KeNHA, KURA, KeRRA na NTSA.

Waheshimiwa,

Sisi tunaoleta risala hii ni wachuuzi wa omena, wauza maziwa, wabeba maji, mafundi, walinzi wa zamu ya usiku, walimu na wanafunzi. Kinachotuunganisha ni baiskeli. Tunaandika kwa haki tuliyopewa na Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010, na kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinachomruhusu mwananchi kupeleka ombi lake mbele ya bunge la kaunti. Tumechagua kuileta Juni 3, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, ingawa kusema kweli huku kwetu siku hiyo hupita bila mtu kuitambua.

Tungependa mjue mapema tunachodai, maana kila baiskeli ikitajwa mikutanoni kuna mtu hucheka na kuuliza kama tunataka Migori iwe Uholanzi. Hatutaki hivyo. Tunadai ukingo: ule ukanda mwembamba kando ya lami ambao wahandisi huuchora kwenye ramani, kisha barabarani huliwa na mvua, malori yaliyoegeshwa, marundo ya mchanga na vibanda.

Barabara ya A1 kutoka Kisii, kupitia Rongo, Awendo na Migori hadi mpakani Isebania, ilikarabatiwa miaka ya karibuni na tunashukuru. Lakini lami laini imeleta mbio. Trela zinazokwenda na kutoka Tanzania, matatu zinazoshindania abiria na Probox zilizojaza watu mpaka buti hazipunguzi mwendo zinapoingia sokoni. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa ndani ya miji. Atakayesimama Migori mjini karibu na daraja la mto asubuhi ya siku ya kazi ataona mwenyewe inavyoheshimiwa. Dereva akipiga honi nyuma yetu, kwake ni onyo, kwetu ni amri ya kushuka barabarani. Nasi tungeshuka kwa hiari kama pangekuwa na pa kushukia. Pale pana lori limesimama, dereva wake anakunywa chai.

Kwenye barabara za kuelekea ziwani na mashambani shida ni nyingine, na tunaomba mtuvumilie tuieleze kwa kirefu kwa sababu asiyepanda baiskeli haioni. Mvua humega lami kutoka pembeni kidogo kidogo, mpaka kati ya lami na udongo panabaki ngazi ya shubiri nzima. Mama aliyetoka mwaloni alfajiri na gunia la omena kwenye karia akisukumwa nje na gari, atateremka ngazi hiyo salama akiwa na bahati. Kazi ni kurudi. Gurudumu la mbele linagusa ukingo kwa ulalo, halipandi, linateleza sambamba nao, na usukani unajipinda mikononi. Gunia limekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, halitoki. Linamvuta mwenyewe upande wake. Na haangukii majanini. Anaangukia lami, mbele ya gari linalofuata. Kujaza changarawe na kushindilia hapo ni kazi ya siku moja kwa vijana wachache na toroli, lakini hungojewa mpaka barabara nzima ipate zabuni ya mabilioni.

Mtauliza kwa nini tusisimame tu. Baiskeli zetu nyingi ni zile nyeusi za chuma, Black Mamba, zenye breki za fimbo. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, bila kuhesabu aliyeketi kwenye tandiko. Rimu ikilowa, mpira wa breki unateleza juu ya chuma na baiskeli inaendelea na safari yake. Kwa hiyo kila gari linaloegeshwa ukingoni kwenye mteremko, kama ule wa kutoka Rodi Kopany kwenda Homa Bay, linatuachia mambo mawili: kuligonga au kuchepuka katikati ya barabara bila kuona nyuma.

Msimu wa kuvuna miwa unatuongezea balaa. Trekta za miwa zinazokwenda kiwandani Awendo huvuta matrela mawili yasiyo na taa wala viakisi mwanga, na miwa iliyochomoza pembeni humfikia mtu kifuani. Jioni huzioni mpaka umezifikia. Taa za mulika mwizi zimesimikwa masokoni na zimesaidia, lakini zinamulika soko. Ukitoka hatua mia mbili unaingia giza totoro, macho bado yamejaa ule mwanga. Mlinzi anayekwenda zamu saa moja usiku hupita hapo kila siku.

NTSA imekuwa ikitangaza kwamba zaidi ya watu 4,000 hufariki kila mwaka katika barabara za Kenya. Sisi tunasema vifo ndivyo vinavyoandikwa. Aliyevunjika nyonga akabebwa nyumbani kwa pikipiki, akakandwa na jirani, mara nyingi haingii katika daftari lolote, na asiyeandikwa habajetiwi. Tunaomba kila kaunti iwaagize polisi, hospitali na wahudumu wa afya wa jamii waandike ajali za baiskeli mahali pamoja, na taarifa hiyo isomwe bungeni kila mwaka.

Kuna hoja tunayoisikia kwamba baiskeli hainywi petroli, kwa hiyo haichangii tozo ya matengenezo ya barabara ambayo tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa lita. Hoja hii inachekesha kidogo. Wahandisi wanajua kwamba uharibifu wa barabara hupanda kwa kasi kubwa kuliko uzito: ekseli yenye uzito maradufu huumiza lami takriban mara kumi na sita. Baiskeli na mwenyewe na mzigo wake haiachi hata alama. Tena tozo hiyo tunailipa kila tunaponunua unga na sukari, kwa kuwa vilikuja kwa lori. Kaunti na Bunge la Taifa zimevutana juu ya nani azishike fedha hizo. Tunachoomba ni kwamba yeyote atakayezishika atenge fungu la kingo na njia za miguu, lenye kichwa chake katika bajeti, lisije likamezwa na maneno "miundombinu mingineyo".

Sasa tuzungumzie vijia, maana huko sisi ndio wenye nguvu. Vijia vya kandokando ya ziwa, vya kukata mashamba ya miwa na vya nyuma ya masoko tunavitumia pamoja na akina mama wenye mizigo kichwani, watoto wa shule, wazee na ng'ombe. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, bodaboda ya baiskeli imegeuka ya injini, na vijana wa pikipiki nao hukimbilia vijia hivyo wakikwepa polisi au foleni. Anayepita kwa miguu hana pa kukimbilia. Kwa upande wetu tunajifunga hivi: kila baiskeli iwe na kengele na kiakisi mwanga nyuma; tupunguze mwendo tukikuta watu na tuwaite kwa salamu kabla ya kuwapita; tuwape nafasi watoto na wazee hata ikibidi kushuka; na siku ya soko tusukume baiskeli, tusipande, katikati ya watu. Atakayekataa tutamkanya wenyewe kituoni. Nanyi wekeni vizuizi vya nguzo kwenye midomo ya vijia ili pikipiki na magari yasipite, vyenye nafasi ya kutosha baiskeli yenye mzigo na kiti cha magurudumu. Tumeshaona nguzo zilizowekwa kwa kubanana hata mama mwenye ndoo hapiti.

Kuhusu mwendo, tunataka kilomita 30 kwa saa mbele ya shule, hospitali na masoko, kama mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walivyopendekeza kwa sehemu ambazo watu na magari vinachanganyika. Matuta yajengwe yakiwa na upenyo wa baiskeli pembeni. Na mabunge yetu yatuombee Bunge la Taifa sheria ya umbali wa kupita: Ufaransa dereva huacha mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji, na magari yao bado yanafika.

Kinachotuchosha kuliko yote ni kutupiana mpira. Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, usafiri na maegesho; barabara kuu ni za taifa. Tukilalamika juu ya lori lililoegeshwa kwenye barabara kuu, ofisi moja inasema lami si yake, nyingine inasema maegesho si yake. Lori linalala. Tunataka kila mji uwe na afisa mmoja, mwenye nambari ya simu iliyobandikwa sokoni, wa kupokea malalamiko ya ukingo na njia za miguu bila kumuuliza mtu barabara ni ya nani.

Mwaka 2025 Homa Bay ilikaribisha Madaraka Dei mwezi wa Juni na mkutano wa ugatuzi mwezi wa Agosti, na tuliona jinsi kazi inavyokwenda haraka wageni wakitarajiwa. Sisi tunapita kila siku.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku sitini, yakitaja ni kingo zipi zitaanza, kwa fedha zipi na lini. Tunapendekeza kuanza na Migori mjini kati ya daraja na stendi, mteremko wa Rodi Kopany, na barabara ya Awendo kabla ya msimu wa miwa. Wajumbe wetu watakuja kuyachukua majibu hayo ofisini, na watakuja kwa baiskeli. Tafadhali waambieni walinzi wa lango waziruhusu kuingia, na pawepo chuma cha kuzifungia.

Ni sisi,
Waendesha baiskeli wa Migori na Homa Bay