Acheni Kutuambia Mtetemo ni Kawaida

Wasee, leo naingia kwa wenye mashine. Mtanitukana kwa komenti, sawa tu, nimezoea.

Kuna sentensi moja nimeisikia karibu kila saiti niliyoenda kurekodi: "Hiyo ni kawaida, mashine kubwa lazima itetemeke." Mwenye mashine anaisema, opereta anairudia, na fundi anaimeza kwa sababu jioni anataka alipwe aende nyumbani. Mimi nasema ni uongo. Na anayeulipia huo uongo si mwenye mashine. Ni kijana wa miaka 22 aliyekaa ndani ya kebini, meno yakigongana mdomoni kama amepanda matatu bila shoki kwa barabara ya murram.

Leo naongelea malcha. Kama hujawahi kuiona, ni kile kichwa kinachofungwa mbele ya skidi loda au kwenye mkono wa eskaveta, kinatafuna kichaka chote mpaka kinabaki vipande vya kutandaza chini. Ndani yake kuna ngoma ya chuma, wenyewe wanaiita rota, imejaa meno yaliyofungwa kwa bolti kwenye vishikio vilivyochomelewa. Nyingi za skidi loda huzunguka karibu mara 2,000 kwa dakika. Kwetu si mashine ya kila mtaa bado, lakini nenda pande za Marigat, Baringo, ambako mathenge ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukiitwa msaada, ndio uelewe kwa nini mtu anaitamani. Wakaazi wa huko walipeleka serikali Mahakama Kuu, na mbuzi asiye na meno akaletwa kama ushahidi wa kile maganda ya mathenge yamemfanyia. Huyo mbuzi alipata kiki kuliko mimi kwa miaka yote nimekuwa online. (Na usidanganywe kwamba malcha inamaliza mathenge. Ukikata juu ya ardhi tu, unachipuka tena. Lazima shina litolewe chini ya udongo.)

Sasa hesabu. Najua mlisema hamtawahi kuitumia ile topiki ya mwendo wa duara ya fizikia Fomu 4. Leo ndio siku yake.

Kitu kinachozunguka kinavuta kwenda nje, na mvuto huo unategemea uzito wake, umbali wake kutoka katikati, na kasi ya mzunguko mara kasi yenyewe tena. Hiyo "mara yenyewe tena" ndiyo inaua watu. Chukua rota yenye meno yaliyo sentimita 20 kutoka katikati, inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine kwa gramu 100 tu, uzito wa kipande cha sabuni, unapata nguvu ya karibu niutoni 880. Yaani ni kama kuning'iniza gunia zima la mahindi la kilo 90 kwenye shafti, na hilo gunia linabadilisha upande mara 33 kila sekunde. Jino la kilo moja likiruka lote? Magunia kumi.

Nitakuwa wa haki hapa, kwa sababu najua kuna mainjinia wananisoma na wanangoja niteleze. Gunia moja rota nzito inaweza kuvumilia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 21940-11 kinaweka mashine za kilimo na za kusagasaga kwenye gredi ya G16, na ukipiga hesabu kwa rota ya kilo 300 kwa kasi hiyo, unaruhusiwa kama gramu 115 kwa jumla pale kwenye sentimita 20, ambayo ukigawa kwa ncha mbili za ngoma ni gramu 57 hivi kila upande. Kwa hivyo sisemi kila mtetemo ni kifo. Nasema kuna mpaka, mpaka unaandikika kwa namba, na jino moja lililokosekana linauvuka mara nyingi. Sasa mtu ananiambia amepoteza meno mawili tangu wiki jana na bado anapiga kazi, ati "itajipa". Itajipa nini, buda?

Kwanza itajipa beringi. Beringi ya rola ukiiongezea mzigo mara mbili, uhai wake haupungui nusu, unashuka hadi kama moja kwa kumi. Beringi iliyofaa kukaa saa 2,000 inakuaga baada ya 200, halafu mwenye mashine anaenda kulalamika dukani kwamba ameuziwa feki. Pengine ni feki kweli, nchi hii tunaijua. Lakini mara nyingi beringi imekufa ikifanya kazi ya kubeba ujinga wa mtu.

Kuna saiti moja nilienda, sitataja ya nani wala wapi. Mwenyewe alikuwa mpole sana, chai na mandazi tumepewa. Mashine ilipowashwa, kioo cha kebini kilikuwa kinaimba. Nikamuuliza opereta, kijana wa rika langu, kwa nini hawajabadilisha meno yote. Akacheka, akaninong'onezea kwamba mzee hununua jino moja moja, likivunjika anaweka moja jipya katikati ya yale yaliyolika. Jipya zito, yaliyo mkabala nalo mepesi. Nilipomuuliza mzee mwenyewe, akaniambia, "Kijana wangu, wewe ni wa kamera. Mashine tuachie sisi." Heshima yako mzee, lakini hiyo kamera ilikuwa inaonyesha kichwa kizima kikicheza kwa pini zake.

Jino jipya likiingia, la mkabala wake nalo linabadilishwa. Yanapimwa kwanza, hata kwa ile mizani ya jikoni ya mama ya kupima unga wa keki, mazito yanapangwa yatazamane na mazito wenzake. Bolti zinakuwa mpya na zinakazwa kwa kipimo cha kitabu cha mashine, si kwa kupanda juu ya spana na kuruka. Gharama ya ziada ni meno machache. Mnashindwa na hiyo?

Halafu tuje kwa kuchomelea, na hapa mafundi wenzangu wa jua kali naomba msinikasirikie, kwa sababu nyinyi ndio nawapigania.

Kishikio cha jino kikivunjika, kazi ya haraka ni kupiga mstari wa weldi juu ya ufa, kupaka rangi, kwisha. Ule ufa haujaenda popote, umefunikwa tu blanketi. Kazi yenyewe ni kusaga weldi ya zamani mpaka chuma safi, kukagua kwa ile rangi ya kupenya nyufa, kupasha chuma moto kwanza kadiri aina yake inavyotaka, kutumia fito kavu za haidrojeni ndogo kama E7018, tena kavu kweli, si zile zimelala nje ya kibanda usiku wa mvua. Unachomelea kidogo hapa, unahamia ng'ambo, unarudi, kwa sababu ukimaliza upande mmoja wote kwa joto moja ngoma inapinda, na ngoma iliyopinda hakuna jino litakaloisaidia. Na kile kibano cha athi kinashikwa kwenye rota yenyewe, karibu na pale unapochomelea. Ukikishika kwenye bodi ya mashine, umeme unapita ndani ya beringi kutafuta njia, unatoboa vishimo vidogo huwezi kuviona, na baada ya mwezi beringi inalia. Nimeona fundi akilaumiwa kwa beringi hiyo, akalipishwa, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuhusu kibano. Betri ya mashine nayo inachomolewa kabla ya kuanza, la sivyo unachoma kompyuta yake.

Kabla ya yote hayo lakini, injini inazimwa, ufunguo unatoka, na watu wanangoja. Ngoma ya kilo mamia haisimami kwa sababu umezima. Inaendelea kuzunguka kimyakimya, na kimya chake ndicho hatari.

Kitu kingine kinachonikera ni ile komenti ya "fundi wa kweli husikia kwa sikio." Nawaheshimu wazee wa sikio. Kuna mzee anaweza kusimama nje ya karakana akakuambia beringi ya kushoto inaondoka, na ikawa kweli. Lakini sikio linakuambia kuna shida. Halikuambii ni gramu ngapi wala ni pembe gani ya ngoma. Na kuna ujanja mwingine wa ngoma ndefu ambao hata ile njia ya zamani, ya kulaza rota juu ya reli mbili zilizonyooka uone upande gani unashuka chini, haiwezi kuugundua. Rota inaweza kuwa nzito juu upande wa kushoto na nzito chini upande wa kulia. Ikilala kwa reli imetulia kama maji ya mtungi, haiviringiki popote. Izungushe sasa, inaanza kutingisha mabega, kushoto na kulia wakipishana. Dawa yake ni kupima ncha zote mbili ikiwa inazunguka. Hakuna sikio hapo.

"Lakini balansi ni ghali na iko mbali." Hii ndiyo hoja ya maana kati ya zote mnazonitumia, na siidharau. Kutoka Marigat hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 250, na karakana zinazofanya balansi ya propela shafti na kranki mara nyingi utazitafuta Industrial Area. Kung'oa rota, kuipakia lori, kungoja zamu, kurudi, hiyo ni siku kadhaa mashine haiingizi shilingi. Naelewa. Lakini angalia mnavyopiga hesabu: safari ya rota inahesabiwa kama hasara, ilhali beringi mbili, mshipi wa kuendesha, sili za mota ya haidroliki na kijana aliyeumia mgongo vinaitwa bahati mbaya. Ukiviweka vyote kwa karatasi moja, lori linaonekana bei rahisi.

Na sehemu kubwa ya mtetemo haihitaji hata lori. Mara ngapi kichwa kinafunguliwa na kupatikana waya wa ua umejisokota kwenye shafti, au tope limekauka upande mmoja wa ngoma? Nusu saa na koleo. Lakini mwenye mashine amesema shamba liishe leo, kwa hivyo hiyo nusu saa haipo kwa bajeti, na fundi akiiandika kwa risiti kama "usafi na ukaguzi" anaambiwa anaiba.

Hapo ndipo hasira yangu imekaa. Tunamlipa fundi kwa kile tunachoona kinang'aa: weldi mpya, rangi mpya, jino jipya. Ile kazi ya kupima, kupanga, kuhakikisha, haina mng'aro, kwa hivyo tunataka ifanywe bure. Halafu tunashangaa kwa nini fundi anaruka hiyo hatua.

Ncha ya jino kwenye rota niliyopigia hesabu inakwenda kama kilomita 150 kwa saa. Likikatika, linatoka kwa kasi hiyo. Watengenezaji wengi wanasema watu wakae mita 90 mbali, na nimeona akina mama wakiokota kuni hatua ishirini kutoka kwa mashine inayotetemeka, na mtoto mgongoni. Wewe opereta, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uripoti hatari ya namna hiyo kwa msimamizi wako, na inamkataza mwajiri kukurudisha hapo kabla hajairekebisha. Iandike kwa WhatsApp, na tarehe. Najua ukiongea sana kuna mwingine anangoja kiti chako hapo nje ya geti. Ndiyo maana naandika hii kwa sauti yangu, kwa sababu mimi hakuna kiti cha kuninyang'anya.

Kwa yule aliyeuliza kama simu inaweza kusaidia: inaweza, kiasi. Programu ya bure kama phyphox inasoma mtetemo kwa sensa ya simu. Unaifunga simu imara kwenye bodi ya kichwa karibu na beringi, unaweka kinga zote, hakuna mtu mbele, unarekodi ikizunguka bila kukata kitu. Kisha unafunga uzito mdogo unaojulikana kwenye ngoma, unarekodi tena, unauhamisha mara mbili zaidi, theluthi moja ya duara kila mara. Vipimo vinne. Unachora duara la kipimo cha kwanza, na kutoka pointi tatu za ukingo wake unachora maduara ya vile vingine. Yanapokutana ndipo uzito wa kurekebisha unapoenda, na umbali kutoka katikati unakuambia kiasi. Ni ile topiki ya loki ya Fomu 4, manze. Inafanya ncha moja kwa wakati, kwa hivyo kwa ngoma ndefu yenye shida kubwa bado utahitaji lori. Uzito wa kujaribia ufungwe kwa bolti. Ukitumia sumaku itaruka. Na tumia simu ya zamani, mtetemo unaweza kuharibu kamera, na mimi sitakununulia nyingine.