Mlango Usiodai Nafasi
Katika vyumba vya Kibera na Kawangware, ambavyo aghalabu havizidi futi 10 kwa 10, na ambamo kitanda, jiko, kochi na watoto wenye madaftari hugombea sakafu ile ile, pazia lililotungikwa kwenye waya ndilo ukuta wa sitara tangu zamani, wala simlaumu alitumiaye, maana ni rahisi na hufulika. Lakini mwenye kutamani kabati, au kizuizi kilicho imara zaidi, na azingatie kwamba mlango wa bawaba wenye upana wa futi 2 hudai futi 2 nyingine mbele yake ili ufunguke, ilhali mlango wa kuteleza haudai hata inchi. Maseremala wa kando ya Barabara ya Ngong watakuundia utakacho, ila kipimo ni dhamana yako: pima uwazi juu, katikati na chini, ushike kilicho kidogo, na milango ikiwa miwili, mmoja uufunike mwingine kwa inchi moja au zaidi, la sivyo nguo zitachungulia. Penye kuta za udongo, ambamo skrubu hulegea upesi, reli ya mlango ifungwe kwenye fremu ya mbao isimamayo kwa miguu yake, iliyosawazishwa kwa pimamaji, kwani reli iliyoinama huufanya mlango ufunguke wenyewe usiku. Nami nahiari plaiwudi nyepesi na magurudumu ya kuning'inia juu, kwa kuwa reli ya chini hujaa vumbi la kiangazi na makombo ya ugali, na mpangaji akihama, fremu nzima hufunguliwa ikamfuata.