Eti Bado Inaruka

Mwaka jana kijana mmoja niliyemfundisha hesabu kidato cha pili, ambaye siku hizi ni fundi wa ndege mwenye leseni, alifukuzwa kazi kwa kukataa kutia sahihi. Ndege yenyewe ni ndogo, Cessna 210 ya viti sita, ya miaka ya sabini. Alitaka viti vitolewe na dari ya kitambaa ifunuliwe ili aupime mhimili unaoshika mabawa mawili. Mwenye ndege akamwambia kwamba abiria wanasubiri na kwamba daftari la mwaka uliotangulia li safi. Kijana akaweka kalamu chini. Alipokuja kwangu hakuja kulalamika. Alikuja kuniomba barua ya utambulisho ya kutafutia kazi nyingine.

Miezi miwili baadaye nilikutana na yule tajiri harusini, akaniamkia kwa adabu zote. Nikamwuliza habari ya kijana wangu. Akacheka. "Mwalimu, ndege ile nimeitia injini mpya, nimeipaka rangi mpya, na bado inaruka. Huyo kijana wako alitaka kunifilisi."

Injini, rangi, na kuruka. Nilirudi nyumbani na maneno hayo matatu, na ndiyo yaliyonikalisha mezani.

Mimi si mhandisi. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha, nikawa mkuu wa shule, nikastaafu. Lakini mtoto yeyote aliyewahi kuunda gari la waya anajua jambo ambalo tajiri yule hataki kulijua. Mtoto akikosa koleo huukunja waya huku na huku mahali pamoja. Mara ya tatu waya hauoneshi kitu, mara ya kumi hauoneshi kitu, kisha ghafula unakatika mikononi mwake. Hakuongeza nguvu, alirudia tu. Bawa la ndege nalo hupinda kwenda juu kila linapobeba mzigo angani, hulegea ndege inapotua, hutikiswa na hewa ya moto ya mchana na mashimo ya viwanja vyetu vya udongo. Ufa huanzia mahali padogo, mara nyingi ukingoni mwa tundu la bolti au la ribiti, au katika kishimo cha kutu, ndani kabisa. Hukua polepole kwa miaka, na mwishoni hukua upesi.

Hoja ya injini naipita haraka kwa kuwa ni nyepesi. Injini huhesabiwa saa zake, zikitimia hufunguliwa. Mabawa ya nyingi kati ya ndege hizi ndogo za zamani yalibuniwa wakati ambapo sheria haikumtaka mtengenezaji aoneshe yatadumu saa ngapi. Kuitia ndege kuukuu injini mpya ni kumnunulia mzee viatu na kutangaza kwamba mgongo wake umepona. (Nasema haya kwa ujuzi, mgongo ninao.)

Rangi je? Tarehe 19 Desemba 2005, huko Miami, ndege ya kutua majini aina ya Grumman Mallard, iliyoundwa mwaka 1947, ilipoteza bawa la kulia mara tu baada ya kuruka. Wote 20 waliokuwemo walikufa. Wachunguzi walikuta nyufa za uchovu wa metali. Bawa lile lilikuwa limekwisha kulalamika kwa lugha yake: mafuta yalikuwa yakivuja, yakazibwa, yakavuja tena, yakazibwa tena. Watu waliona uvujaji wakatibu uvujaji.

Na tarehe 26 Mei 2019, karibu na Mount Isa nchini Australia, Cessna 210 iliyotengenezwa mwaka 1976 ilikuwa ikiruka chini chini kwa kazi ya upimaji, mhimili upitao juu ya vichwa vya watu ukakatika, bawa likang'oka. Walikufa wawili. Ufa ulianzia kwenye kishimo cha kutu. Msomaji atambue kwamba mhimili huo ndio ule ule, na dari inayouficha ndiyo ile aliyotaka kuifunua kijana wangu.

Sasa tufike kwenye hilo la "bado inaruka," maana hilo ndilo husemwa hata na watu wenye akili. Tarehe 4 Aprili 2018, Daytona Beach, Marekani, ndege ya mafunzo aina ya Piper Arrow ilikatika bawa la kushoto. Ndani alikuwemo mwanafunzi aliyekuwa katika mtihani wake wa urubani, na msahihishaji wake. Wote wawili walikufa. Ndege hiyo ilitengenezwa mwaka 2007. Kwa miaka ilikuwa bado kijana. Lakini ilikuwa na saa zaidi ya 7,600 za kufundishia, yaani kutua na kuruka, kutua na kuruka, kama mwalimu anayerudia somo lile lile mpaka sauti inakauka. Wachunguzi walipolitazama bawa walikuta zaidi ya asilimia 80 ya ukanda wa chini wa mhimili imeliwa na ufa. Ina maana ndege ile iliruka siku nyingi ikiwa na ufa, ikatua salama, na kila mtu akasema bado inaruka.

Wapinzani wangu wanayo hoja moja ya haki, nami siifichi. Mwaka 2021 Marekani ilianza kulazimisha ndege nyingi za Piper zitolewe bolti za mabawa na matundu yake yapimwe kwa kifaa cha mkondo wa umeme, ambacho husoma ufa usioonekana. Mafundi wakongwe walisema kuing'oa bolti kunaweza kulikwaruza tundu na kuanzisha ufa ambao haukuwepo. Ni kweli. Basi apewe kazi fundi mwenye mkono mwepesi na vifaa vinavyofaa, na alipwe. Hiyo si sababu ya kutoifunua dari ya kitambaa!

Nina neno jingine, nalo linanichoma mimi mwenyewe. Nilipokuwa mkuu wa shule ya bweni tulitarajia wakaguzi. Nikaagiza chokaa, mawe ya njiani yakapakwa, milango ikang'aa. Katika fomu palikuwa na mstari: hali ya mapaa. Nikaandika "nzuri," nikatia sahihi. Sikuwa nimepanda kutazama. Wakaguzi wakasifu chokaa. Wakati wa likizo paa la bweni la wavulana likaanguka usiku. Mchwa walikuwa wameila miti ya kenchi ikabaki ganda. Vitanda 40 vilikuwa chini yake. Watoto wote walikuwa makwao, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nistaafu kwa heshima.

Ndiyo maana simwiti yule tajiri mwuaji. Namwita kwa jina nililostahili mimi: mtu aliyetia sahihi bila kupanda. Ila ninayemshangaa zaidi ni fundi wa pili. Ndege ilipata sahihi yake kwa siku mbili, na dari haikuguswa. Abiria hawezi kuupima mhimili, lakini anaweza kuuliza ulifunuliwa lini, na rubani aone haya kukosa jibu. Na wenye mamlaka wasimame na fundi aliyekataa. Wasingoje mabaki ndipo waanze kupima.

Nimewaandikia wanaohusika. Sijapata jibu. Kijana anatengeneza mashine za kusaga, nami nimempa barua yake. Ndege hupita juu ya shamba langu kila Jumanne na Ijumaa. Juzi ilipita asubuhi imejaa. Niliacha jembe, nikaisikiliza mpaka ikavuka kilima.