Nyumba za Mpanda zisiuzwe kwa bei ya shida

Ni jambo lililozoeleka mjini Mpanda na katika miji midogo ya Mkoa wa Katavi kwamba nyumba nyingi huingia sokoni kati ya Januari na Machi. Huo ndio wakati akiba ya mahindi imepungua, shamba linadai mbolea ya kukuzia na watoto wanadai mahitaji ya shule. Mwenye nyumba humwendea dalali akiwa na shida usoni. Dalali huiona shida hiyo kabla hajaiona nyumba, na bei hupangwa kwa kuitazama.

Wakati huo huo ni msimu wa mvua. Katavi hupata masika moja, tangu Novemba hadi Aprili, na nyumba ya tofali za kuchoma huwa katika sura yake mbaya kuliko zote: ukuta umerukiwa tope hadi usawa wa dirisha, bati linavuja, njia ya kuingilia ni dimbwi. Mnunuzi makini angependa kuiona nyumba wakati kama huo, kwa kuwa mvua haimfichi mtu. Kwa muuzaji, hata hivyo, ni kujipeleka sokoni siku ambayo bidhaa imeharibika na wanunuzi hawana fedha.

Fedha Mpanda huja baada ya mavuno. Kuanzia Juni mahindi na mpunga wa Mpimbwe hupata wateja, tumbaku huuzwa, na malipo yake yakitoka kwa wakati, jambo ambalo si la kila mwaka, mkulima aliyepata hutafuta nyumba mjini. Wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, wenye maduka, na watumishi wa umma walioongezeka tangu Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012. Barabara za lami za kwenda Sumbawanga na Tabora zimeleta wanunuzi ambao zamani wangekata tamaa njiani. Nyumba ile ile iliyodharauliwa Februari inaweza kugombewa Julai na watu wawili au watatu.

Ipo hoja kwamba mwenye shida hasubiri Julai. Ni kweli kwa ugonjwa na msiba, kwani hivyo havina miadi. Lakini mahitaji ya shule na mbolea hujulikana tangu mwaka uliotangulia. Anayeona kwamba hatakwepa kuuza aanze maandalizi Mei, mvua ikikatika, badala ya kungoja debe la mwisho la mahindi.

Maandalizi yenyewe yanaanzia kwenye karatasi, si kwenye rangi. Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, ipo kazi kamili ya kuipamba nyumba kabla ya kuiuza: watu hulipwa kuondoa makochi ya mwenye nyumba na kuweka mengine ya kukodi ili mgeni avutiwe. Mnunuzi wa Kawajense au Makanyagio havutiwi na makochi. Anaogopa utapeli. Ndiyo maana katika miji yetu kuta nyingi zimeandikwa kwa rangi kwamba nyumba hii haiuzwi, ili matapeli wasiiuze mwenyewe akiwa safarini. Katika soko la namna hiyo, nyumba yenye nyaraka safi imeshapambwa nusu.

Kwa kiwanja kilichopimwa, hati iwepo, kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, na jina lililo kwenye hati liwe la anayeuza. Kama mwenye jina amefariki, familia ipate kwanza msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, kwa sababu kikao cha ukoo peke yake hakimpi mtu mamlaka ya kuuza. Kwa eneo lisilopimwa, yatafutwe makubaliano ya mauziano ya awali, majirani waoneshwe mipaka na kuikubali mbele ya mwenyekiti wa mtaa kabla mnunuzi hajafika. Ugomvi wa mpaka ukizuka mbele ya mteja, hata ukiwa wa hatua mbili, mteja huyo harudi. Aliye katika ardhi ya kijiji akumbuke kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaihusisha halmashauri ya kijiji katika uhamisho huo.

Lipo jingine ambalo wanaume wengi hulifanyia mzaha. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume au mke kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Mume anayemficha mke wake mteja hajafanya ujanja wowote, ameuza kesi. Mnunuzi atakuwa ametoa fedha, mke atakuwa mahakamani, na watoto hawatajua watalala wapi. Ridhaa ya mwenza iandikwe na kutiwa sahihi kama sehemu ya mkataba, na mkataba ushuhudiwe na wakili. Mhuri wa mtaa unasaidia kuonesha kwamba watu wanajulikana, lakini hauchukui nafasi ya wakili.

Walio kando ya barabara kuu wana kazi ya ziada. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Kabla ya kuiita fremu yake kuwa ya barabarani na kuipandishia bei, mwenye nyumba apime kwa futi kamba. Kama imewekwa alama ya X, aseme. Kuipaka rangi juu ya X ni wizi, na mjini kila mtu anakumbuka X ilikuwa wapi.

Baada ya karatasi ndipo afuate fundi. Hapa wengi hupoteza fedha kwa kufanya makubwa yasiyolipa. Mwenye shida hana sababu ya kuweka dari mpya ya jipsamu au vigae sebuleni ili auze. Mnunuzi atabomoa na kuweka anavyotaka. Fedha kidogo iende panapotisha watu. Bati linalovuja lizibwe au libadilishwe, kwani doa la maji kwenye dari humfanya mnunuzi ahesabu paa zima. Kenchi na fremu za milango zikaguliwe mchwa, maana mchwa wa Katavi hawana huruma na mbao, na njia zao za udongo ukutani zionekanazo na mteja humpunguzia muuzaji zaidi ya bei ya dawa. Mfereji uchimbwe kuzunguka msingi ili maji yaache kuula. Choo kisafishwe, kiwe na mlango unaofunga. Ukuta ulioliwa chini na mvua upigwe lipu sehemu hiyo, kisha chokaa au rangi moja nyepesi ipite nyumba nzima. Kazi hizi nyingi familia inaweza kuzifanya yenyewe kwa wiki mbili za kiangazi.

Ufa ni habari nyingine. Ufa mwembamba wa lipu uzibwe tu. Ule unaoshuka kutoka lenta hadi msingi uoneshwe kwa mnunuzi na ujadiliwe katika bei. Anayeuziba kwa niru ili usionekane anajitafutia balaa, kwani Sheria ya Mikataba humpa aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba.

Halafu nyumba iondolewe mizigo. Nyumba ya mkulima ni ghala pia, na haikosi magunia ya mahindi koridoni, marobota ya tumbaku chumbani, pikipiki sebuleni, kuku jikoni. Mwenyewe amezoea, hasikii tena harufu ya tumbaku. Mgeni huisikia tangu mlangoni, na chumba kilichojaa magunia humwonekea kuwa nusu ya ukubwa wake. Vihamishiwe kwa ndugu au kwenye ghala kwa muda. Kama wamo wapangaji, waelezwe mapema na mikataba yao iwekwe wazi, kwani mfanyabiashara anayenunua ili apangishe atataka kujua kodi inayoingia kila mwezi, na mpangaji mwenye kinyongo hujua sana kuisema nyumba vibaya.

Juu ya dalali, makubaliano yaandikwe. Wengi huzoea kudai asilimia 10, na wapo wanaoongeza cha juu bila mwenye nyumba kujua. Muuzaji aelewane naye bei ya chini, malipo yake, na kwamba fedha ya mnunuzi inakwenda kwa mwenye nyumba, benki, si mkononi mwa dalali.

Serikali nayo ina fungu lake. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na ndiyo inayowafanya wengi waandike bei ya uongo. Kumbe sheria imewaacha nje wauzaji wengi wadogo: nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi ndani yake miaka mitatu au zaidi haitozwi kama faida haizidi shilingi milioni 15. Kwa nyumba ya kupangisha, risiti ni fedha. Aliyetumia shilingi milioni 18 kununua kiwanja na kujenga, kisha akauza kwa milioni 28, faida yake ni milioni 10 na kodi ni milioni moja, mradi awe na ushahidi wa zile milioni 18. Risiti za saruji, mabati na mafundi zisifungiwe maandazi.

Haya yote yangekuwa mepesi kama mwananchi angeyapata mahali pamoja. Ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Mpanda na TRA wangeweza kukaa meza moja katika kata, zamu kwa zamu, mwezi Mei na Juni: kuangalia hati, kueleza fomu za uhamisho, kukokotoa kodi kabla mauziano hayajafanyika. Nsemulwa na Misunkumilo panafaa kuanzia, kabla mizani ya mahindi haijafunguliwa.